Baba Yuko Gereji

Kwa Mzee Mwarandu,
Juu ya duka la Jafar,
Port Reitz, Changamwe,
Mombasa.

9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Munga,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na kazi yaendaje? Nasikia mwezi huu joto la huko ng'ambo halisemeki. Natumai unakula vizuri, unapata mahali pa baridi pa kulala, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi huku tungali wazima kwa kiasi chetu. Mama hajambo ila magoti. Mimi sijambo ila usingizi. Habari za Baba nitakueleza, maana ndizo zilizonikalisha hapa.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Nimekutumia ujumbe tangu mwezi wa pili, naona unausoma, kisha unanijibu "sawa dada" au "Mungu yupo". Mungu yupo, najua, lakini sikumwandikia Yeye. Kwa hivyo barua hii nimempa Rashad, kijana wa Jafar wa dukani. Anarudi kazini huko Alhamisi, na ameniapia wallahi hatalala mpaka akutafute aitie mkononi mwako.

Kuugua kwa Baba unakujua. Nilikuambia siku ile ile kwamba kiharusi kimempiga upande wa kulia na mdomo umekwenda kando. Yaliyofuata ndiyo huyajui. Alilazwa wiki tatu, kisha tukaambiwa yuko tayari kurudi nyumbani. Nyumbani ni juu, na ngazi yetu unaijua, ngazi kumi na nane na kona mbili. Tulijaribu kumbeba watu wanne, tukafika kona ya kwanza tukarudi. Basi tukaitoa pikapu yake nje, tukaifunika turubai, tukafagia gereji, tukamtandikia humo kitanda.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu. Asubuhi ile ya kutoka hospitali nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Baba, leo tunakupeleka gereji." Akatabasamu kwa ule upande mmoja wa uso, mara ya kwanza tangu augue. Mimi mjinga nikafurahi, nikadhani amefurahia kurudi kwake. Mimi nilimaanisha chumba cha gari, pale chini ya nyumba yetu. Yeye ni dereva wa trela miaka thelathini na moja. Kwake gereji ni mahali gari lililoharibika hupelekwa likalale mpaka fundi aje.

Ilituchukua wiki nyingi kufahamu. Alikuwa na neno moja tu, "fundi". Asubuhi fundi, mchana fundi. Tukamwita fundi wa mabomba tukidhani kuna bomba linavuja ukutani analisikia. Tukamwita fundi wa stima. Wote aliwatazama akageuza kichwa. Mwisho Mama akamwona anaunyoshea kidole ule ubao wako wa spana, ule uliouchorea umbo la kila spana kwa rangi nyeusi ili kila moja irudi mahali pake. Mama akaketi kitandani akajifunika uso kwa leso. Fundi wa Baba ni wewe, Munga. Ni nani mwingine Baba aliwahi kumruhusu aguse gari lake?

Sasa sikiliza habari ya TV, maana kila kitu kimeingia humo. Ile uliyotutumia mwaka juzi kupitia watu wa mizigo tuliishusha chini pamoja na kabati la Mama, ili Baba asikae akitazama geti la chuma siku nzima. Na kweli ilimsaidia. Saa saba mchana msomaji wa habari akisema hujambo mtazamaji, Baba anajibu sijambo. Lilikuwa neno lake la pili. Agneta, dada wa mazoezi anayekuja kila Jumamosi, akatuambia tusiiondoe TV kwa hali yoyote, anajifunza kusema upya kwa kumjibu yule mama wa habari.

Lakini huyo huyo Agneta akasema anataka sakafu. Anataka njia ya hatua sita kando ya ukuta, na bomba la kushikia, Baba asimame hapo ajifunze kutembea. Wapi? Gereji unaijua, ukiweka kitanda, kiti cha magurudumu na lile kabati, hata paka hana pa kugeukia. Kiti chenyewe tulikuwa tunakiingiza kinyumenyume. Kila nikimtoa kitandani namkumbatia kifuani, nazunguka naye, namkalisha, na Mama kanishika kiuno nisianguke. Baba si mwepesi, wajua.

Nikasema basi, kabati lirudi juu, TV itundikwe ukutani, sakafu ipatikane. Nikamwita Musyoka, yule anayefanya kazi za ujenzi huku estate. Mtu mwema, lakini kichwa chake kigumu. Aliipandisha karibu na dari kama ya hotelini. Nikamwambia iko juu mno. Akaniambia, "Mathe, TV huwekwa juu ndio kila mtu aone." Nikamjibu kwamba kila mtu ni mzee mmoja, naye amelala.

Akasema nijaribu kwanza siku mbili. Siku mbili hazikuisha. Ukuta ule ni wa mawe ya Mwakirunge, wewe na Baba mliyapakua pamoja, na nadhani mliuziwa yaliyo laini. Drili ikiingia inatoka na unga mtupu. Skrubu zilikuwa zimeshika plasta tu, ndani hakuna kitu. Siku ya pili nikiwa napanguza vikombe nikasikia kishindo. TV ilikuwa imeshuka pamoja na braketi yake, ikaangukia godoro, pale karibu na miguu ya Baba. Kioo hakikupasuka. Ingeanguka shibiri moja upande wa huku, leo ningekuwa nakuandikia barua ya namna nyingine. Baba hakupiga hata kelele. Aliitazama tu, akaniambia, "Fundi."

Musyoka aliugonga ukuta wote kwa nyundo akisikiliza. Sehemu ngumu ikawa moja tu, kwenye nguzo ya zege iliyobeba chumba cha juu. Na kwenye nguzo hiyo ndipo ulipo ubao wako wa spana. Nilikupigia simu siku hiyo mara saba, wewe wajua. Nilitaka ruhusa yako, nikakosa hata "sawa dada". Basi nikautoa mwenyewe, spana moja moja, nikaziweka kwenye gunia kavu na mafuta kidogo zisile kutu. Baba alilia, Munga. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia, hata alipomzika Bibi.

Mara hii nilikataa kubahatisha. Nilimkalisha Baba kwenye kiti, nikalala mimi kitandani mwake, kichwa kwenye mto wake, na Musyoka akawa anaipandisha na kuishusha mpaka macho yangu yakakutana na katikati ya kioo bila kuivuta shingo. Ndipo akapiga alama na kutoboa. Na nikiwa nimelala pale nikaona anachokiona Baba kutwa: geti la chuma, mabati, waya wa taa, na lile doa la mafuta ya gari lisilotoka hata kwa sabuni. Nikalia. Musyoka akadhani ni vumbi la zege, akaniletea maji.

Imeshika. Tuliivuta watu wawili, haikutikisika. Braketi ni ya mkono, naweza kuigeuza kumfuata akikaa kitini. Kabati limerudi juu, na bomba la kushikia limefungwa ukutani. Sakafu sasa ipo, hatua saba nzima, moja zaidi ya alizotaka Agneta. Jumamosi ile alipoiona alipiga makofi.

Na Baba hatembei hata moja. Hicho ndicho kilichonimaliza nguvu. Agneta anamshika kwapa, anamwambia simama mzee, naye anaukaza mwili mzima kwenye kitanda anatikisa kichwa. Kwake Agneta ni mtu baki anayetaka kufungua bonati ya gari la wenyewe. Anangoja fundi wake. Juma baada ya juma anangoja, na mguu unazidi kukonda, sasa naweza kuuzungusha kwa vidole vyangu viwili. Agneta alinivuta nje, pale kwenye turubai la pikapu, akaniambia bila kunizungusha kwamba miezi sita ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, na minne imeshapita. Usipoamka mguu huu kufikia Agosti, pengine Baba atamalizia maisha yake gereji.

Nimejaribu kumfafanulia. Nimemwambia, Baba, hii ni gereji ya nyumbani, si gereji ya mafundi. Ananitazama kama dereva anayedanganywa na turniboi, utingo wake wa lori. Ofisini nimemaliza likizo zangu zote na za mwaka ujao nimeziomba. Mama anasali sala moja tu siku hizi, jina lako limo. Munga, mimi nimeshindwa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, wala kumwambia mtu, lakini nimeshindwa, na sina mwingine wa kumwambia.

Sikuambii uje. Ningetaka uje, lakini sijui mambo yako, na huniambii. Ninachokuomba ni kitu kidogo. Rashad amenionyesha namna ya kuunganisha simu na TV, ili mtu akipiga simu ya video aonekane pale ukutani, uso mzima. Jumamosi ya tarehe 21, saa nne asubuhi, Agneta atakuwa hapa. Piga. Mwambie Baba kwamba wewe ndiwe fundi wake, umemkabidhi Agneta kazi, na kila Agneta atakachosema akifuate. Dakika mbili zatosha. Mimi nikimwambia hasikii, Mama akimwambia hasikii. Wewe atakusikia.

Najua miaka miwili sasa hutaki kuonyesha uso. Ulisema kamera ya simu imevunjika, nikakubali, kisha ukanunua simu nyingine. Sikukuuliza na sikuulizi. Kama umekonda, kama kazi imekwisha, kama kuna jambo unalionea haya, lete hivyo hivyo lilivyo. Hapa hakuna atakayekuhesabia kosa. Rashad amesema ukitaka atakupa simu yake na chumba chake siku hiyo, na atatoka nje.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unakula ugali au umeshakuwa mtu wa wali tu. Jafar anakusalimu, anasema ile redio uliyomtengenezea inaimba mpaka leo. Musyoka hakujui, lakini anakusalimu pia, anasema mwenye spana zile ni mtu mpangilifu. Agneta naye anangoja Jumamosi hiyo.

Nilitaka kufungia hapo, lakini acha nikuambie la jana. Baada ya chakula cha mchana stima ilipotea, TV ikazima, kioo kikawa cheusi. Geti lilikuwa wazi na mwanga umejaa, kwa hivyo Baba akajiona humo, uso wake wote, na mdomo ule uliokwenda kando. Nilikuwa nyuma yake namkunjia shati. Akatazama sana. Kisha akasema polepole, neno baada ya neno, maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu augue, "Munga, mbona umezeeka?" Sikuwa na moyo wa kumwambia ni yeye. Aliinua mkono ule mzima akaupunga kidogo, akakaa akingoja umjibu, na alingoja vivyo hivyo mpaka stima ikarudi.

Bwana akufunike kwa mkono wake popote ulipo, na akulainishie moyo.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,

Kafedha Mwarandu