Mizizi ya Jaruba la Mama

Ng'ambo, Mjini, Alkhamisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti limepungua maumivu. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi.

Dada Kurwa kanipa habari kuwa umevuna magunia kumi na mawili, na kamati ya bonde imekupa na jaruba la mpunga la Bi Mwanakheir. Kanihadithia pia mlivyomcheka kisimani, wewe ukisema hata vijidudu vya ule unga wa mbegu vimeuona uvivu wake vikakataa kulala kwake. Yeye akajibu tu kuwa Mungu anamuona, akajitwika ndoo akaenda zake. Na mimi nilicheka, Mama. Nilicheka ili Kurwa asinitazame usoni.

Unakumbuka mtaalamu wetu wa mradi, Bwana Hamid, alivyokuelezeni kuwa unga ule wa kuchanganya na mbegu una bakteria hai, wanaoingia ndani ya mizizi ya mpunga na kuulisha bila mbolea. Hakukwambieni kuwa nusu ya vifurushi vilichemshwa, bakteria wakafa, apate kulinganisha. Orodha ya nani apewe kipi nilikuwa nayo mimi.

Majuzi aliichunguza mizizi ya Bi Mwanakheir, akakuta haina kitu. Akasema mwanamke yule kauza unga wa mradi. Barua ya kumfukuza mradini niliichapa mimi, na kwa barua hiyo kamati ikamnyang'anya jaruba.

Mama, Bi Mwanakheir hakuuza kitu. Kwenye orodha, kifurushi hai kilikuwa chake. Chako ndicho kilichochemshwa. Nilivibadilisha siku niliyovileta, kwa sababu mwaka jana ulivuna magunia mawili ukalia mbele yangu.

Jumatatu Bwana Hamid anakuja kung'oa mashina yako. Akikuta bakteria kwenye mizizi ambayo orodha inasema haina, atajua ni mimi. Nakuomba, kabla hajafika, yang'oe yote uyachome, useme unasafisha shamba. Najua mizizi hiyo ndiyo shahidi pekee wa Bi Mwanakheir. Nimelifikiri hilo siku tatu, na bado nakuomba.

Nisalimie wote. Yeye usimpe salamu zangu, maana ataniombea dua kama alivyozoea. Sikupiga simu kwa kuogopa kusikiwa ofisini. Barua hii itie kwenye moto huo huo.

Mwanao,
Nusrat