Kuta za Roma

Jumapili, Durban

Bado nasikia sauti yake: "Papa, angalia hii! Angalia!"

Binti yangu Neema alinipigia video kutoka Roma. Yule mume mpya wa mama yake amewapeleka kutembea, wametoka kwao Ubelgiji kwa ndege. Mimi kila Krismasi namwahidi kwamba nitakuja kumtembelea. Sijaenda hata mara moja.

Akazungusha simu anionyeshe vichochoro vya mitaa ya zamani. Nyumba za rangi ya chungwa, rangi imebanduka mpaka matofali yanaonekana, na watu wamejaa wanazipiga picha.

Nikacheka, kicheko kibaya. "Kuta hizo ndizo mmepandia ndege? Mimi fundi rangi, nikiacha ukuta hivi kwa nyumba ya mtu huku Pinetown, bosi ananifukuza siku hiyo hiyo. Mwambie huyo mume wa mama yako awanunulie wenye nyumba rangi."

Akasema polepole, "Nilikupigia sababu ya rangi, Papa. Nilijua wewe utapenda."

Eish. Hapo ningesema samahani. Nikasema network ni mbaya.

Ee Mungu, ulikuwa wivu tu. Zile kuta zilikuwa nzuri. Hiyo rangi mimi mwenyewe sijui kuichanganya, na ningeweza kumwambia hivyo.

Kabla hajakata, nikasikia yule mwanaume anamuuliza, "Papa yako anasemaje?"

"Anasema kuzuri sana. Amefurahi."

Mtoto wa miaka kumi na moja, ananifichia aibu mbele ya yule.