Talaka ya Ndoa Isiyokuwepo

Shikamoo Baba,

Naomba barua hii ikukute umekaa barazani kwako, si njiani na mzigo kichwani. Goti linasemaje? Mama bado anabishana na dawa zake? Huku Kigoma sisi wazima, ila kichwa kinaniuma kwa hasira, na dawa yake iko kwako.

Shabani yu hai. Nakwambia mapema usije ukasoma ukilia. Mtumbwi wake haukuzama kama tulivyoambiwa; upepo ulimpeleka kusini, akakaa huko mwaka mzima akitutafuta. Mwezi uliopita alishuka Kibirizi na boti ya dagaa, akauliza hadi akafika hapa kambi ya wakimbizi. Mume wangu, Baba! Nililia mpaka majirani wakadhani nimefiwa tena.

Sasa sikia balaa. Unajua nilivuka ziwa na shemeji yangu Ramazani, mdogo wake Shabani. Siku ya kuandikishwa, karani aliuliza mume wangu ni nani. Tulikuwa tumesikia kwamba mwanamke asiye na mume anapelekwa sehemu ya peke yake, mbali na ndugu. Ramazani akajibu, "Ni mimi." Nami nikanyamaza. Kosa letu ni hilo. Tangu siku hiyo kadi ya posho inasema mimi mke wa Ramazani na wanangu watatu ni wake. Mungu shahidi, hajawahi kulala hemani kwangu; alilala kwa wavuvi wenzake.

Shabani alipokwenda kujiandikisha, wakamwandika mseja. Mseja, mtu wa watoto watatu! Nikamweleza karani, akasema kama namtaka huyu mpya, nilete kwanza talaka ya yule wa zamani. Nikaenda Ujiji kwa shekhe. Shekhe alicheka, halafu akakasirika. Alisema kadi ya unga haifungi ndoa, ndoa hufungwa na walii wa binti na mashahidi, na yeye haandiki talaka ya ndoa isiyokuwepo. Nikarudi kwa karani, naye anataka karatasi tu. Nimechoka, Baba. Nimechoka na nenda rudi hii.

Ramazani maskini alikiri mbele ya karani na wenzake kwamba alidanganya. Wakamjibu, huenda anadanganya sasa. Na juu ya hayo, jina lake limetokea kwenye orodha ya wanaohamishiwa kambi nyingine, yeye na hao wanaoitwa mkewe na wanawe. Nikikataa kupanda gari, watoto watapanda na mwenye kadi.

Jumatatu karani akaamua kumuuliza mtoto. Akamwita mjukuu wako Mariamu, sote tukiwa tumesimama pale. "Baba yako nani?" Mtoto huyu tulimfundisha mwaka mzima. Alipokosea, nilimfinya. Akamtazama Shabani usoni, akasema, "Ramazani." Karani akaandika. Shabani aliinama. Tulipotoka nje, Mariamu akanishika kanga, akaniuliza, "Mama, leo sijakosea, eh?"

Basi Baba, wewe ndiye uliyeniozesha. Andika kwamba ulimpokea Shabani mahari, mbuzi wawili na ile cherehani ambayo Mama anashonea hadi leo. Mashahidi, baba mdogo na jirani yetu seremala, watie dole gumba. Chifu agonge muhuri, na akijifanya ana shughuli, kaa mlangoni kwake mpaka aone haya. Mwenye boti aliyeleta barua hii atangoja siku mbili, kisha anarudi Kibirizi. Usimwache aondoke mikono mitupu, maana gari la kuhama halitamngoja mtu.

Nisalimie Mama, mwambie cherehani asiiuze hata njaa ikibisha hodi. Nisalimie shangazi aliyenisindikiza siku ya harusi, na kaka yangu mkubwa na mkewe. Shabani anakuamkia. Ramazani naye anakuamkia, ila anaona aibu.

Mariamu nimeanza kumfundisha upya jina la baba yake. Jana aliniuliza kama hili la sasa ni la kweli au ni la karani.

Ni mimi binti yako,
Zaituni, mke wa Shabani