Anguko la Babu

Shangazi mpendwa,

Huku tu wazima, na mtoto ameanza kuota meno. Ile filamu bubu uliyonitumia tuliitazama jana ofisini, ili tuamue kama inastahili kuingia kwenye kamusi elezo yetu. Babu alipoanguka kutoka juu ya paa, wahariri wenzangu walicheka hadi machozi.

“Huyo ni babu yangu,” nikawaambia. “Alikufa palepale.”

Mkuu wetu akafuta macho. “Pole. Kuna gazeti lililoandika habari zake? Bila ushahidi wa maandishi hatuwezi kuiingiza.”

Hakuna. Basi filamu imekataliwa. Ila picha ya anguko wameipenda, wataiweka kwenye makala ya vichekesho. Mimi ndiye niliyeamriwa kuiandikia maelezo, nami nimeandika: “Mchekeshaji asiyejulikana.”

Tafadhali, usimsomee Bibi barua hii.

Ni mimi, mwanao.