Wimbo wa Dakika Kumi na Mbili

Syokimau, 5 Mei 2025

Mutheu, mwiitu wa mwaitu, dada yangu wa tumbo moja,

Uko aje? Mguu wa Mama umepoa? Mahindi imefika wapi? Mimi niko fiti, ni simiti tu inaniziba mapua huko kazini, lakini jioni nikishika vijiti vya ngoma nasahau.

Sasa kaa chini. ALBAMU IMEISHA! Muziki wa metal tupu, nyimbo saba, zote zetu. Memori kadi iko ndani ya hii karatasi. Maundu, yule wa gitaa anajiita bosi wa bendi, amekataza tusitume hata wimbo mmoja kwa simu, ati utavuja. Kwa hivyo nijibu hivi hivi, kwa barua, mpe Rodgers, dereva wa matatu ya kuja huku.

Shida ni wimbo wa saba. Ule niliandika mimi, dakika kumi na mbili. Maundu anataka ukatwe ubaki nne. Jumamosi tunapiga kura: mimi, yeye, na Nzisa wa besi. Nzisa hajaamua. Wewe ndio uliniingiza kwa hii muziki na ile simu yako ya kioo kimepasuka, kwa hivyo sikiza vile mwizi anasikiza mlango. Ukisema ni mbaya, nitakubali ukatwe, na sitaandika mwingine.

Ndugu yako,
Kioko

*

Kathiani, 8 Mei 2025

Kioko weee!

Hatujambo sote, Mama anatembea mpaka sokoni, kuku wametotoa, mahindi iko magotini, salamu zimeisha, sasa niache niongee!

Nimesikiza mara tano. Mara ya kwanza nilikuwa napalilia nikafyeka safu nzima ya maharagwe ya Mama, usimwambie. Wimbo wa pili gitaa inaingia kama mtu amevunja mlango kumbe ni kwake. Wa nne, aki huyo Nzisa hukula nini? Besi yake nimeisikia kwa meno.

Halafu wa saba. Kioko. Nilianza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kho! Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kho! Nikaruka. Hiyo ni posho mill ya Onesmus! Ule mkanda wake umelegea, kila ya saba unateleza! Tulikuwa tunangojea unga pale tukitingisha vichwa kama wajinga, na wewe umeiweka kwa albamu! Nilienda mbio nikamwambia Onesmus mashine yake inapiga metal. Akasema, "Mwambie kaka yako basi aniletee mkanda mpya." Nikamwambia asithubutu.

Lakini kitu imenimaliza ni dakika ya tano. Gitaa inanyamaza kabisa! Ngoma na besi tu, muda mrefu, tupu, kama uko ndani ya tangi ya maji imekauka. Nani aliwaza hiyo? Maundu kunyamaza! Mpe heshima yangu. Msikate hata sekunde.

Dada yako,
Mutheu

*

Syokimau, 12 Mei 2025

Mutheu,

Natumai mko salama. Sisi hatuko.

Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya wote. Nilipofika "Maundu kunyamaza", Nzisa alicheka mpaka akashika ukuta. Maundu hakucheka. Dakika ya tano ndio solo yake, Mutheu! Ameisumbukia wiki tatu. Pale tumegawa hivi: ngoma na besi sikio la kushoto, solo yake peke yake sikio la kulia. Sasa niambie ukweli, hizo earphone zako ziko sawa?

Maundu akasema, "Dada yako amenitusi kwa adabu." Nikamwambia labda hukusikia. "Solo yote hiyo mtu atakosaje kusikia, kwani alikuwa amezikwa?" Akabeba gitaa akaenda kwao Matuu. Kura haikupigwa. Bila yeye hakuna albamu, hata wimbo ukikatwa ubaki dakika nne. Simu zangu hashiki.

Nisaidie.

Ndugu yako,
Kioko

*

Kathiani, 14 Mei 2025

Kaka,

Nakusalimia nikiwa na haya. Earphone ya kulia ilitafunwa na ndama tangu Krismasi. Nikazoea, nikasahau kulikuwa na upande mwingine. Yaani nimekuwa nikisikia nusu ya muziki ya dunia!

Nilienda kwa Carol wa kinyozi nikaomba zake, zile kubwa. Ilipofika dakika ya tano Carol akaacha mteja na nusu kichwa akaja kuniuliza nani amekufa. Nilikuwa nalia, Kioko. Ile solo! Inaanza chini kama mtu anauliza swali na hataki jibu, halafu inapanda, unafikiri imefika, inapanda tena!

Sasa hii ni ya Maundu, msomee:

Maundu, habari ya Matuu? Sikukutusi, sikukusikia. Leo nimekusikia. Lakini sitakudanganya. Ile tupu bado naipenda. Solo yako si mbaya, imekuja mapema tu. Acha dakika ya tano ikae hivyo, watu washike pumzi. Halafu ya tisa, pale posho mill inarudi, ingia na kila kitu, masikio yote mawili. Nimeijaribu kichwani na kila mara nasimama kwa kiti.

Kioko, mpelekee mwenyewe, usitume mtu. Mama anakusalimia. Hii albamu ikikufa, imeuliwa na mimi na ndama.

Dada yako,
Mutheu

*

Syokimau, 9 Juni 2025

Mwiitu wa mwaitu,

Mko wazima nyote? Usinikasirikie kwa kunyamaza, kila jioni tumekuwa tumejifungia tukirekodi.

Maundu alisoma barua yako akiwa amesimama mlangoni kwa mama yake, chai sikupewa. Akaikunja. Akasema, "Ya tisa?" Nikasema, "Ya tisa." Akaingia ndani akafunga mlango, nikajua imeisha. Nilikuwa nimefika kwa geti nikasikia, "Wewe, ningoje!" Alikuwa na gitaa mgongoni na kiatu kimoja mkononi.

Tumepiga kura. Yeye ndio aliinua mkono wa kwanza: wimbo usikatwe. Lakini ile dakika ya tisa akishaingia hatoki. Ukiwasha hii kadi mpya utaona mwenyewe, sasa ni dakika kumi na tano, na mimi na Nzisa tunasukumana nani atamwambia apunguze.

Ndugu yako,
Kioko