Mbwa wa Mama Mkwe Amekatwa Upande Mmoja

Mpendwa Mama Nyathira,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Sosiot. Naomba unijibu haraka kwa sababu baba mkwe wangu hali tena chakula changu, na kosa ni langu mimi, na kosa lenyewe linatembea kwa miguu minne hapa uani, kila anayepita anacheka isipokuwa mimi na mzee.

Acha nianzie mbali kidogo ndio unielewe. Sisi ni watu wa Kisii, tulinunua shamba huku mzee Orina alipostaafu kazi ya kiwanda cha majani chai, na mkewe, mama mkwe wangu Bilhah, alikuwa yaya kwa nyumba ya meneja kule Kericho, akalea watoto wa huyo mzungu mpaka wakawa wakubwa, na memsabu alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya akamwachia mbwa. Si mbwa kama hawa wetu wa kulinda boma, huyu unaweza kumbeba kwa kikapu cha sokoni, manyoya marefu yanafagia chini hata miguu huioni, jina lake Tofi. Watu wa hapa walimcheka wakachoka. Lakini mama alimpenda, Mama Nyathira, hata sijui nikuambie vipi, jioni akitoka kuchuma majani alikuwa anaketi mlangoni kwa kigoda chake anamchana na kitana alichoachiwa na memsabu, na mzee yuko kando yake, wanamtazama mbwa tu.

Na kila mwaka mwezi wa kwanza, jua la kiangazi likianza kuchoma, mama alikuwa anamkata manyoya yabaki mafupi. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili, mzee anampakata na kumshika kidevu asigeuke, mama anakata, nami natazama kutoka mlango wa jikoni kwangu, na mama ananiambia kwa sauti, “Yunia, tazama vizuri, usianzie mgongoni, anzia shingoni, ipo siku utafanya wewe.” Wakimaliza, Tofi anazunguka uani mbio kama ndama aliyefunguliwa, na mzee anacheka mpaka anashika mbavu.

Mama alituacha mwezi wa saba, homa ya mapafu ilimchukua kwa siku chache tu.  Tangu hapo mbwa analala chini ya kitanda cha mzee na hakuna mtu amemchana tena, manyoya yameshikana nyuma ya masikio kama kamba iliyonyeshewa, yamejaa mbegu za shambani na kupe, na mwaka huu jua limekuja kali tangu Krismasi, Tofi anashinda chini ya tangi la maji ulimi nje, hata maziwa anaacha, na siku moja alipomfuata mzee kwenda kituo cha kuuzia majani alianguka njiani, mzee akarudi amembeba kifuani. Niliona nikasema huyu tutamzika kabla mvua haijarudi, na akifa huyu na mzee naye atamfuata.

Sasa wewe utaniuliza, kwa nini hukumwambia mzee? Mama Nyathira, kwetu kuna chinsoni, ni heshima kati ya mke na baba mkwe wake, mimi siingii chumba anacholala, simgusi, sipokei kitu kutoka mkononi mwake, chakula naweka mezani narudi nyuma. Zamani nikitaka kusema naye nilipitia kwa mama, na sasa mama hayuko. Basi nikasema kwa sauti nikianika nguo, kama naongea na kamba, “Aki jua hili, hata wenye manyoya wanalia.” Mzee alikuwa kwa kivuli cha nyumba. Akajibu, naye kama anaongea na fimbo yake, “Aachwe alivyoachwa.” Nikadhani ni uvivu wa uzee tu, nikaona nimsaidie.

Sabato iliyopita, Jumamosi, nikasema mtoto ana kikohozi, nikabaki nyumbani. Hakuwa na kikohozi. Mzee akaenda kanisani na Biblia yake, Tofi akaachwa barazani, nami nikachukua makasi yangu ya kushonea kwa sababu makasi ya mama yako chumbani kwa mzee, nikajiambia hata Bwana alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato atolewe, na huyu mbwa yuko ndani ya shimo la manyoya. Nikamfunga kwa mguu wa meza nikaanza. Alitulia vizuri, nikamaliza upande wa kulia wote, ngozi ikapata hewa, nikaona kama ananishukuru. Kumbe mhubiri hakufika, watu waliomba kidogo wakatawanyika. Nikainua macho, mzee amesimama langoni.

Hakunifokea, na afadhali angefoka. Alitazama yale manyoya kwenye nyasi akasema, “Hayo Bilhah ameyashika.” Akapiga magoti, mzee wa miaka yake, akaokota yote, hata yale ya kupeperuka, akafunga kwa leso. Kisha akanisubiri nirudi nyuma, akamfungua mbwa, akamtia ndani ya koti, akaingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo naweka ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga mezani nakuta vile nilivyoweka. Anakunywa maziwa ya jirani yetu Chelimo, basi. Tofi upande mmoja ni mbwa, upande mwingine ni ufagio, akitembea anaelemea kushoto. Chelimo ameniuliza kama manyoya ya kizungu huisha upande mmoja kwanza, na kule sokoni wamempa jina jipya, wanamwita Nusu. Mzee amesikia, sasa haendi hata kituoni. Bwanangu Ratemo anafanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, huja mwisho wa mwezi, na sijamwambia kwa sababu ataniuliza ni nani alinituma.

Nifanye nini, Mama? Nimalizie upande wa pili? Niache mpaka yaote? Ama niende kwetu kwanza mpaka roho yake ipoe? Nilipoolewa hapa watu wengi walisema mimi ni mdogo sana wa kufanya kazi, ni huyu mzee alisema, “Mwacheni, atakua.” Nampenda kama baba yangu mzazi na nimemuumiza mahali sikujua kama pana kidonda.

Ni mimi,
Yunia, Sosiot

MAMA NYATHIRA ANAJIBU

Yunia, hapana, usiende kwenu. Ukiondoka, nani ataendelea kumwekea chakula mezani? Rudisha hayo makasi kwenye cherehani yako, ukae chini unisikilize.

Nimecheka, sitakuficha. Mbwa kwa upande mmoja, ufagio kwa upande mwingine, nimecheka mpaka machozi. Halafu nikafika mahali pa leso, nikaweka barua chini nikavua miwani.

Tuanze na uongo wako. Mtoto hana kikohozi, unampa kikohozi ili ubaki nyumbani na makasi siku ya Sabato! Na bado unamwita Bwana awe shahidi wako. Yule ng'ombe alitumbukia siku ile ile, dada yangu. Tofi amebeba manyoya tangu mwaka jana, angengoja Jumapili bila shida. Hilo ulimalize wewe na Mungu wako, mimi si mhubiri.

Kuhusu kukata, ulikuwa na haki. Nimemtafuta bwana mifugo mmoja ninayemwamini nikamsomea maneno yako, akasema mbwa mdogo wa aina hiyo, mwenye manyoya yaliyoshikana na kupe ndani yake, jua la huko juu linaweza kummaliza. Kwa hiyo usijilaumu kwa sababu ya makasi. Jilaumu kwa jambo lingine, na umeliandika mwenyewe halafu ukalipita kama hujaliona: ile kazi ilikuwa ya watu wawili. Mama Bilhah anakata, mzee anapakata. Huyo mzee amepoteza mke, akabaki na kazi moja tu aliyokuwa akifanya pamoja naye, kushika kidevu cha mbwa mara moja kwa mwaka. Amerudi kutoka kanisani amekuta umemfunga mbwa kwa mguu wa meza. Umeiweka meza mahali pake, Yunia. Hiyo ndiyo inamkataza kula.

Na aliposema “aachwe alivyoachwa,” ungejiuliza aliachwa na nani.

Sasa, bwana Ratemo. Yuko wapi huyu mtu? Kericho na Sosiot ni karibu, anaweza kuja Jumamosi jioni akarudi Jumapili. Mama yake amezikwa, baba yake hali, na yeye anangoja mwisho wa mwezi! Mwandikie leo, kabla hujafua, kabla hujachuma hata jani moja. Usimfiche kitu. Mwambie umekosa, halafu mwambie anahitajika. Akikuuliza nani alikutuma, mjibu kwamba hakuna aliyekutuma, na ndiyo maana unamwita yeye. Yeye hana chinsoni ya kumzuia mlangoni. Ataingia chumbani kwa baba yake, amwombe makasi ya mama na kile kitana. Huyo ni mtoto aliyetoka tumboni mwa Bilhah. Kama kuna mkono mzee ataukubalia kushika makasi hayo, ni huo.

Kabla Ratemo hajafika, wewe una kazi moja. Simama pale unaposimama ukimwekea chakula, inamisha uso, useme: “Baba, nilikosa. Ningekuuliza.” Usimweleze habari za joto wala za ng'ombe wa shimoni. Kisha uondoke.

Jumapili asubuhi, jua likiwa bado dogo, toeni kigoda cha mama mkiweke pale pale mlangoni. Mzee apakate, Ratemo akate. Mwambie Ratemo asiingize makasi kwenye vile vifundo vya masikio kabla ya kuvifungua kwa vidole, polepole, kwa sababu ngozi hapo huvutika ikaingia katikati ya makasi bila mtu kuiona. Asikate mpaka ngozi, abakishe unene wa kidole, maana jua likipiga ngozi tupu huichoma, na huko kwenu usiku baridi haina huruma. Kando ya macho mzee afunike kwa kiganja chake. Upande wa kulia uliokata wewe usikatwe upya, usawazishwe tu. Kupe watolewe kwa mkono, mmoja mmoja. Na tafadhali, asitokee mtu na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ni kali mno kwa kiumbe wa kikapu. Sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu yanatosha, akaushwe kabla ya kuachwa, na usiku alalie sweta kuukuu.

Manyoya ya upande wa pili yakianguka, mwachie mzee. Akiyataka yote ayafunge kwenye leso yake, asiulizwe. Hata hivyo nitakuambia jambo ambalo wewe hutamwambia, yeye ataliona mwenyewe akishika: yale aliyoyashika Bilhah ni yale ya nchani, yaliyo karibu na ngozi yameota baada yake. Lakini mwili wa huyo mbwa aliushika kila jioni, na huo bado una joto, bado unapumua, unalala chini ya kitanda cha mumewe. Huo ndio wa kutunzwa.

Na wewe utakuwa wapi? Mlangoni pa jikoni kwako, pale pale ulipokuwa ukisimama. Ratemo alikuwa Kericho miaka hiyo yote, hajui kazi hiyo inaanzia wapi. Mzee anajua kupakata tu. Katika boma hilo lote ni wewe peke yako uliyetazama mikono ya mama, kwa sababu alikuita utazame. Kwa hiyo Ratemo atakaposhika makasi akakosea, kwa maana atakosea, sema kwa sauti kutoka hapo ulipo, usisogee hata hatua: “Usianzie mgongoni. Anzia shingoni.”

Mzee atajua ni maneno ya nani. Usiongeze neno lingine.

Kisha geuka uingie jikoni, usonge wimbi. Usimtume mtu akamwulize kama atakula. Pakua, weka mezani, rudi nyuma.