Uzio Wangu wa Mbao za Boti

Katubuka, Kigoma

Mwanangu Mwajuma,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Bibi yako kifua kimepoa? Na wewe unakula, au unashinda na chai? Niambie ukweli, usinifiche mama yako.

Uliniandikia niache ugomvi, nirudi Kondoa. Sirudi. Hapa ninapoandika mikono inanuka oili, na roho yangu nyeupe.

Ni hivi. Jirani yangu mzee Kachira alisema uzio wangu umeoza, ung'olewe ajenge ukuta. Lakini kamba ya mafundi wake niliiona imepita hatua mbili ndani kwangu, palepale ninapoanika dagaa! Uzio ukitoka, nani atajua mpaka ulikuwa wapi? Mwenyekiti wa mtaa akasema atakuja Ijumaa kuutazama. Ukiwa umeoza, unang'olewa.

Kweli ulikuwa mweusi kwa ukungu. Lakini mbao zile ni za boti kuukuu, nilizinunua Kibirizi. Ziwa halikuziua, mvua ndiyo itaziua? Nikasugua kwa sabuni na brashi ya kufulia kutwa nzima, zilipokauka nikapiga msasa. Halafu nikakosea, mwanangu. Nikapaka mawese, maana huku mawese ni dawa ya kila kitu. Asubuhi uzio mzima sisimizi, na kuku wa mtaa wamejaa wanadonoa. Mzee Kachira akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mama Mwajuma, unaukaanga huo uzio? Tuletee na ugali basi!"

"Ugali kapike kwako," nikamwambia. "Uzio hautoki."

Nikauosha tena kwa maji ya moto na majivu. Ulipokauka nikaenda kwa mafundi wa injini za boti, wakanipa oili chafu. Nikapaka mara mbili, mbao zikanywa, zikawa rangi ya kahawa.

Ijumaa mwenyekiti akasukuma kwa bega, akachoma nguzo kwa kisu. Kisu kikagoma. "Mzee, huu haujaoza. Rudisha kamba yako." Ikarudishwa, mimi nimeshika kiuno natazama.

Msalimie bibi yako, umfunike vizuri usiku. Msalimie mjomba wako Rajabu fundi baiskeli, mwambie asinitafutie chumba huko. Na shangazi yako Halima anayekusuka, namshukuru.

Nusura nisahau. Leo mzee ameniita: "Mama Mwajuma, upande wangu mbona hujaupaka?"

"Upande wako, mzee wangu? Haya, umesema mwenyewe."

Nikampa oili iliyobaki, anapaka sasa hivi.

Ni mimi mama yako, nipo kwangu.